Utepe wa Elgon View

Mbio zangu zingemsaidiaje mgonjwa wa saratani? Nilikuwa nikichangisha pesa za utafiti, na bado sikuwa na jibu. Lakini rafiki yangu Chela aliniahidi, "Kimbia kutoka Timboroa Road mpaka kwetu Elgon View bila kutembea, ofisi yetu nzima itachanga. Tutakungoja getini."

Jumamosi nilifika nikihema kama ndama aliyetoroka. Getini kulikuwa na utepe mwekundu, akina mama wakiimba, na mtu wa video. Wanaume wa suti wakanipisha. Mimi ninayehoji kila kitu sikuhoji chochote. Nikainua mikono, nikakata utepe kwa kifua.

Nyimbo zikanyamaza.

"Kwani wewe ndiye bwana harusi?" shangazi mmoja akauliza.

Wale wa suti walikuwa wakwe, watu wa bwana harusi, bado wanabembeleza akina mama wawafungulie geti wamchukue bibi harusi. Kina Chela walikuwa geti linalofuata, wakinipungia. Nikaeleza huku nikihema kwamba nilikuwa nikikimbia kuchangisha pesa za utafiti wa saratani.

"Amekata utepe, alipe faini!" akina mama wakapaza sauti.

"Mwacheni," mama wa bibi harusi akasema, akicheka mpaka akakaa chini. "Mpeni chai. Hizo mbio zake nitazichangia."

Baadaye sana nilijua kwamba mama huyo alikuwa ametoka kwa matibabu ya saratani, na tangu augue, watoto wake hawakuwa wamemsikia akicheka hivyo.