Sauti ya Ng'ambo

Nakumbuka asubuhi niliyotoka Voi bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa kijana, shule nimeiacha mapema, kazi ya kushusha magunia pale Maungu imenichosha, na kila nikiinua macho naona vilima vya Taita vimekaa juu ya joto letu kama vimeota. Lori la mboga lilikuwa likirudi Wundanyi tupu. Nikadandia. Sikuaga mtu.

Mwanangu, nakueleza haya kwa sababu nimesikia wewe na wenzako mnawatembeza wageni huko Mwanda, na kwamba mnataka kuinyoosha ile njia ya miguu ipite katikati ya msitu, wageni wafike upesi. Kabla hamjashika panga, nisikilize kidogo.

Kutoka Wundanyi nilitembea tu. Njia, hiyo hiyo mnayotaka kuinyoosha, ilipita katikati ya migomba na mashamba ya maharagwe, ikashuka hadi kwenye kijito, ikapanda tena, na kila kona ilinionyesha nchi mpya. Kule chini tambarare ya Ndara ilikuwa imelala, rangi ya ngozi ya simba, na mimi sikuwa na habari na saa. Jua lilipoanza kupoa ndipo nikakumbuka kwamba nimevaa shati jepesi na sina pa kulala.

Nikaona nyumba ng'ambo ya bonde, moshi unatoka, na mwanamke anaanua nguo.

"Wee kijana!" akaita. "Umepotea ama unatembea?"

"Natembea tu, mama!"

"Kutembea tu ndiyo kazi gani?"

Nikacheka. Nikamuuliza kama naweza kupata pa kulala.

"Njoo ule! Kimanga cha muhogo na maharagwe kiko motoni."

"Ni mbali?"

"Mbali gani na tunaongea?"

Sisi watu wa tambarare, mtu ukisikia sauti yake umeshafika kwake. Kule vilimani unaweza kusalimiana na mtu, mkaulizana habari za nyumbani, na bado kati yenu kuna mwendo wa alasiri nzima. Hilo sikulijua. Nilifuata njia nikidhani ni hapo tu, na njia ikazidi kuzunguka, hadi ikaipa ile nyumba mgongo kabisa. Mbele yangu palikuwa na msitu mdogo, mweusi, umetulia. Nyumba ilikuwa nyuma yake tu. Na ukungu ulikuwa umeanza kushuka, baridi yake naisikia mpaka kwenye meno.

Nikaiacha njia, nikaukabili msitu.

"Usiingie humo!" Sauti ilikuja kali. "Hiyo ni fighi! Wazee huombea mvua humo, hapapitwi! Zunguka!"

"Nikizunguka ukungu utanimeza, mama!"

"Utakumeza ukiacha njia! Wewe zunguka. Mimi nitakuita, wewe itikia."

Nikarudi njiani. Ukungu ukafunga, nisione hata miguu yangu. Nikawa natembea ndani ya maziwa, mwanangu, sijui kama nashuka au napanda, na mahali fulani mbele yangu sauti inaita, "Kijana!" nami, "Naam!" Kidogo tena, "Kijana! Umelala?" "Bado, mama!" Akaniuliza mimi ni wa nani. Akaniuliza mama yangu anajua niko wapi. Nikamuuliza kama bado ni mbali. "Aha," akasema ukungu, "kumbe ndiyo maana unatembea tu." Katika maisha yangu ya kuzurura sijawahi kutembea vizuri kama siku ile. Hofu ilinitoka, nikatamani njia isiishe.

Iliisha mlangoni kwake. Nilitarajia jitu la mwanamke kwa ile sauti. Alikuwa bibi mdogo, mwembamba, kanga imemfunika hadi masikioni. Akafungua mdomo kunikaribisha, sauti haikutoka. Ilikuwa imeishia kwangu yote. Akanong'ona, "Karibu, mwanangu. Kesho utarudi umwambie mama yako." Akanionyesha kitanda karibu na jiko.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Msiinyooshe njia ile. Walioipinda walikuwa na sababu, na fighi ni ya watu, si kizuizi cha wageni. Mgeni akikuuliza kama ni mbali, mwambie ukweli wa miguu, usimwambie wa masikio. Ukungu ukishuka usimtangulie ukamwacha na alama za rangi kwenye mawe. Mwite, akuitikie, muulize habari za kwao, mpaka afike. Na wewe mwenyewe kabla ya kutoka, aga nyumbani.

Nenda sasa. Mungu akupe daima mtu wa ng'ambo wa kukuita, na koo lako alipe nguvu ya kumwita mwingine, hata kama utamkaribisha kwa kunong'ona.