Msumeno wa Mjomba

Watu wakiniuliza kwa nini naondoka nikisikia msumeno wa injini ukinguruma, huwa nawaambia masikio yangu ni mabovu. Uongo mtupu. Masikio yangu ni mazima kabisa. Kibovu kilikuwa kile nilichokinunua Koboko mwaka wa sabini na nne, mchana kweupe, nikiwa na macho yangu mawili. Laiti ningekuwa sijui kukikagua, ningejisamehe. Lakini nilijua.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Logiri. Nyumba ya mama yangu ilikuwa hatua chache nyuma ya yangu, na nyuma ya nyumba yake ulisimama mkaratusi alioupanda marehemu baba. Radi iliupiga, ukapasuka katikati, ukaanza kuinamia paa la mama. Mafundi wa shoka walikuja, wakatazama juu, wakakuna vichwa, wakaenda zao. Walisema kwa shoka ni kazi ya siku nzima, na hakuna mwenye akili atakayesimama siku nzima chini ya mti uliopasuka. Mti ule ulitaka msumeno wa injini, ukate haraka ukimbie. Na mama hakutaka kuhama hata kidogo, kwa sababu kaburi la baba lilikuwa mlangoni pake. Basi ilikuwa hivyo: ama mti uanguke kwa mkono wangu kabla ya mvua, ama uangushwe na mvua juu ya mama.

Msumeno mpya ungetoka wapi miaka ile, wakati hata sabuni tuliipata kwa magendo? Nilitafuta uliotumika, mdogo tu wa nyumbani: niuangushe ule mti, halafu nipasue kuni mara mojamoja na kukata nguzo za ua.

Arua, nyuma ya soko, nikampata seremala Mkongomani aliyekuwa na mmoja wa kuuza. Sijawahi kuona muuzaji wa namna ile. Badala ya kuusifia mzigo wake, alinifundisha jinsi ya kumkamata muuzaji mwongo. Alichukua bisibisi, akaifungua ekzosi, akaniambia nichungulie kwenye tundu mpaka nione pistoni.

"Angalia. Iko laini? Kama unaona mistari, kama mutu alikwaruzwa na kucha, walitia petroli bila oili. Hiyo imekufa, inangoja kuzikwa tu."

Akaufunga, akauwasha, akauacha ungurume mpaka ukawa wa moto, akauzima, akavuta kamba tena. Ukaitika pale pale. "Ikiwa baridi, kila mashini inawaka," aliniambia. "Wewe iulize ikiwa moto. Na usichukue kubwa. Wewe iko mutu ya chaki, kubwa itakukata muguu."

Nikacheka, nikamwomba aniwekee siku mbili. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtoto, na kwa upumbavu wangu nikamsimulia mama.

"Kwa Mkongomani?" Mama aliacha kuchambua mboga. "Kaka yangu anao msumeno kule Koboko, wewe unakwenda kununua kwa mtu ambaye hata hujui kazaliwa na nani? Unataka watu wa kwetu waseme nilizaa mtoto asiyemjua mjomba wake?"

Kwetu mjomba si mtu wa kuchezea. Kaka wa mama ndiye anayekubariki ukazaa, na akinung'unika moyoni tu, bila hata kufungua mdomo, watoto wako wanaugua. Huendi kwake kupunguza bei. Kitu chake hukipindui kukitazama tumbo. Akikupa, unapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Nilikuwa nimesoma, nikijifanya mimi na mambo hayo ni mbali kabisa. Wapi! Kesho yake alfajiri nilikuwa juu ya lori la Koboko.

Mjomba alikuwa na shemeji jeshini, na msumeno ule ulitoka kwenye ghala la Mhindi mmoja aliyefukuzwa nchini. Wanajeshi walichukua mashine zote, ila hawakumchukua mtu hata mmoja wa kuwaambia zinakula nini. Nilipofika, kuku alikuwa ameshachinjwa na majirani wameshakaa. Msumeno umelazwa juu ya mkeka mpya, umepakwa mafuta mpaka unang'aa. Mkubwa, mzito kama mbuzi wa sikukuu.

Mjomba akaukanyaga mpini, akavuta kamba mara mbili. Ukawaka! Wanawake wakapiga vigelegele. Kabla havijaisha, mjomba akauzima.

"Petroli iko ngumu siku hizi," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Umesikia mwenyewe."

Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Naapa, nilikuwa nayo, nilitoka nayo Logiri. Nikaishika kwa vidole nikiwa nimesimama pale. Skrubu mbili tu, nami ningejua yote. Lakini kufungua kitu cha mjomba mbele ya majirani zake, na kuku wake yuko jikoni, ni kumwambia wazi: wewe ni mwizi.

"Iko nini, mtoto ya dada? Unaona mbaya?"

"Hapana, mjomba. Ni mzuri sana."

Nikampa pesa kama alivyotaja. Nikala kuku. Ala! Na nilikula vizuri, nikaomba na mchuzi.

Jumamosi majirani walikuja kunisaidia. Walifunga kamba juu ya mkaratusi ili kuuvuta mbali na nyumba, mimi nikauwasha msumeno. Ulikwenda vizuri, vumbi la mti linaruka, nikaanza hata kujiona fundi. Ulipofika nusu ya shina ukakohoa, ukapoteza nguvu, ukazima. Nikavuta kamba mpaka mkono ukafa ganzi. Kimya. Mti nao ukashuka kidogo, ukaubana ulimi wa msumeno, haukutoka tena. Ndipo nikaitoa ile bisibisi. Nikafungua ekzosi pale pale mtini, nikachungulia. Mistari mitupu, juu mpaka chini.

Sasa mti ulikuwa mbaya kuliko kabla sijaugusa. Nilimwambia mama ahamie kwangu siku hiyo hiyo. Mama akatazama msumeno ukining'inia kwenye shina, akaingia ndani, akatoka na gunia, akaufunika.

"Nikihama," akasema, "watu watauliza kwa nini. Na nitawaambia nini? Kwamba kaka yangu alimuuzia mwanangu ubovu? Nitalala kwangu. Wewe tafuta mtu umalizie, kimyakimya."

Nilipaswa kumbeba. Nilikuwa na nguvu za kumbeba, akipiga kelele na apige. Lakini nikakaa siku tano nikijiuliza nitamwitaje yule Mkongomani bila habari kufika Koboko. Siku tano! Nilipokwenda, alikuwa ameshauza ule msumeno mdogo. Hakunisema. Aliniuliza tu mama analala wapi, na nilipomjibu akafumba macho. Akaahidi kwenda kuuazima kwa aliyemuuzia, aje nao Jumamosi.

Mvua ilikuja Ijumaa, saa nane mchana. Nilikuwa darasani, nafundisha hesabu za sehemu. Sikusikia mti; nilisikia sauti ya mke wangu, akikimbia barabarani bila kitambaa kichwani.

Kwetu mwanamke hazikwi mpaka watu wa kwao waje waulize amekufaje. Walikuja kutoka Koboko lori zima, mjomba mbele. Alisimama kando ya mwili wa dada yake, akalia machozi ya kweli, siwezi kumnyima hilo. Kisha akanigeukia mbele ya ukoo wote.

"Mimi nilimpa huyu mtoto msumeno. Kila mtu Koboko alisikia ikilia. Sasa nauliza: kwa nini dada yangu amekufa na mti?"

Mke wangu akafungua mdomo. Nikamshika mkono, nikaukaza mpaka akanyamaza. Nilikuwa na jibu. Lakini mama alikuwa amelala pale kwa ajili ya jina la kaka yake, na kama ningelivunja, angekuwa amekufa bure.

"Ni uvivu wangu, mjomba," nikasema. "Nilianza kazi nikaiacha."

Watu wakaguna. Shangazi mmoja akatema mate chini. Mpaka leo, huko kwao mama, mimi ndiye mwalimu aliyemwacha mama yake afe kwa uvivu.

Kama mjomba alijua ubovu wa msumeno wake au hakujua, sitajua kamwe. Akaomba maji, akajaza mdomo, akanipulizia kifuani kama tunavyobariki, akasema mbele ya wote kwamba amenisamehe.

Nikapiga magoti, nikasema asante.