Shibe Arudi Gazetini kwa Mkono wa Kushoto

Asubuhi, kwenye meza ya chakula iliyogeuzwa ofisi, Mama Shibe anachora pua. Mkono wa kushoto umeshika kalamu. Wa kulia umelala juu ya karatasi, unaizuia isiteleze.

Pua ni ya Shibe, nguruwe anayefugwa na familia ya wapangaji katika katuni inayotoka gazetini kila Jumamosi. Leo mheshimiwa anazindua bomba lisilo na maji. Shibe amekaa chini yake, taulo kiunoni, sabuni mkononi. "Tunaoga," anauliza, "au tunakata utepe tu?"

Mchoraji anacheka peke yake. "Nisipocheka mimi, msomaji atacheka nini?"

Amemchora Shibe miaka kumi na tisa. Wapo waliomtukana kwenye simu, na mwanasiasa mmoja alitaka nguruwe achinjwe. Hakuchinjwa. Ila mwaka juzi kiharusi kilimwangusha mama huyu jikoni, na mkono wa kulia ukanyamaza.

Mhariri wake alifika hospitalini na wazo: mchoraji mwingine amshike Shibe kwa muda.

"Nikamwambia, mwanangu haendi kwa mama wa kambo nami ningali hai," anakumbuka. Ulimi ulikuwa mzito, lakini mhariri alielewa.

Mumewe, fundi cherehani, aliizungushia kalamu vitambaa mpaka ikanenepa, ikashikika. Nguruwe wa kwanza wa mkono wa kushoto alifanana na kiazi.

"Nikamwambia, mke wangu, hiki kiazi kina macho ya Shibe," anasema fundi. "Akaninunia, akachora kingine."

Baada ya miezi saba, akapeleka katuni. Mistari ilitetemeka. Shibe, kitandani wodini, alimuuliza daktari: "Mimi nimeshafika. Dawa inafika lini?"

Mhariri aliiweka ukurasa wa kwanza.

Muuguzi aliyemfundisha kutembea upya aliikata na kuibandika kwenye mlango wa wodi. "Wagonjwa waliamka vitandani kwenda kuisoma," anasema. "Hata waliogoma kunyanyuka."

Gazeti lilitaka kumpa kompyuta ya kunyoosha mistari. Alikataa. "Shibe kazeeka na mimi. Mikunjo yake ni halali yake."

Sasa anakusanya katuni za mkono wa kushoto zitoke kama kitabu. Jalada atalichora mwenyewe: Shibe wima, kifua mbele.

"Na jina langu," anasema, akinyoosha mgongo, "liwe kubwa kuliko tumbo lake."