Logi Haikumjua Mwajabu

Naweka dau chai na chapati kwa mtaa mzima wa Tandika, hakuna atakayeamini hii: Deogratias alikaa kimya kuanzia asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Na hakuwa anaumwa jino.

Deo mnamjua, na kama hamumjui atawatafuta mwenyewe ajitambulishe. Shule aliiachia kidato cha pili, akaenda Manzese kufungua simu za watu kwa bisibisi ya kuazima, na mambo ya kompyuta akajifundishia humohumo, kwa video za kwenye simu. "Nyie mlisoma, mie nilielewa," ndo salamu yake kwa wenye vyeti. Na ukweli usemwe, kichwa anacho. Ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, kule Kurasini, ilimpa kazi ya kutengeneza mtambo wao. Karani anafungua ukurasa kwenye kompyuta, anajaza namba ya kontena, anabonyeza, ombi la kulitoa linafika yadi bila mtu kupanda bodaboda.

Ndani ya mtambo huo akaweka kitu ambacho mafundi wanakiita logi. Ni faili ambalo mtambo unajiandikia wenyewe: nani kabonyeza, kabonyeza nini, kimefika au kimegoma. Deo alikuwaga anaitambia hiyo logi kama mtu kaoa mwanamke mzuri. Binadamu atakudanganya, anasema, lakini logi haina mdomo wa kudanganyia.

Sasa pale ofisini alikuwepo karani anaitwa Mwajabu, Mzaramo wa Kisarawe. Deo babu yake katoka Tabora, Mnyamwezi. Hapo sina haja ya kueleza sana, hao ni watani, na mtani hana breki. Deo akiingia tu, Mwajabu anamuuliza kama kaja kubeba mzigo gani leo, maana babu zake walibeba meno ya tembo mpaka pwani wakasahau njia ya kurudi. Deo anamjibu kwamba Wazaramo kazi wanafanya ngoma ikiisha, na ngoma haiishagi. Wanacheka, chai inanoga. Hakuna aliyewahi kununa, kwa sababu mtani hanuni. Ukinuna, umeuvunja utani.

Mwenye ofisi ni Bi Kokuberwa, mama wa Kihaya, mpole, asiye na mtani hata mmoja kati ya wale wawili. Hilo lishikeni.

Siku moja akaja mteja mkubwa, mzee Gregori, kavimba. Kontena lake halijatoka yadi, wateja wake wanamsubiri, na yadi wanasema hawajapata ombi lolote. Kazi ile ilikuwa ya Mwajabu. Mwajabu akasema alituma, tena anakumbuka vizuri, alituma kabla ya kwenda kuswali. Bi Kokuberwa akamgeukia fundi, watu wote wamekaa, vikombe mkononi. Akamuuliza logi inasemaje.

Deo akafungua faili, akatafuta jina la Mwajabu. Halimo. Kontena, halimo. Mtu mwingine angesema tu hayamo. Deo akaona watu wanamwangalia, na Deo akiangaliwa lazima acheze.

"Mtani wangu huyu logi haimjui," akasema. "Siku hiyo alikuwa kwenye ngoma Kisarawe, hapa katuma kanga ikae kwenye kiti."

Ofisi ikaangua kicheko. Mwajabu naye akacheka, akamwambia mpagazi mkubwa we. Mzee Gregori akacheka kidogo. Bi Kokuberwa hakucheka. Kesho yake Mwajabu akaambiwa apumzike nyumbani kwanza, ataitwa. Kila mtu alijua kuitwa huko maana yake nini.

Deo alilala vizuri tu. Alijiambia mashine ndo imesema, yeye kasoma.

Kiti cha Mwajabu akakalia binti mmoja, Recho. Deo akataka kumpa somo la kwanza, yaani amtishe kidogo. Akamwambia hapa ukifanya chochote logi inakuona, hebu angalia. Akakaa mwenyewe, akajaza ombi la majaribio kwa jina lake, Deogratias, akabonyeza. Akafungua logi kwa mbwembwe, akateremka mpaka chini.

Jina halikuwepo.

"Labda na wewe ulikuwa ngomani, braza," Recho akasema. Hakuwa na ubaya, alikuwa amesimuliwa tu ile stori.

Deo akacheka, lakini kicheko kilitoka upande mmoja. Akabonyeza tena. Jina likatokea. Akabonyeza tena, halikutokea. Akahamia meza ya pembeni na kompyuta yake, mgongo ukutani, akaacha kuongea. Hiyo ndo asubuhi niliyowekea dau.

Kwanza alisingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzima. Akasingizia diski imejaa. Haikujaa. Basi akauambia mtambo kila unapoandika mstari utaje na namba ya prosesi iliyoandika, yaani ni yupi kati ya vibarua wa ndani. Maana ndani ya mtambo kulikuwa na vibarua, si watu, ni programu ndogo zinazopokea maombi. Mwanzoni mtambo ulikuwa na mmoja tu, makarani wakalalamika kurasa zinachelewa, Deo akaweka wanne, kazi ikaenda kama maji, na akatamba wiki nzima. Kumbe wale wanne wote walikuwa wanaandika kwenye faili moja, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Picha yake ni hii. Vibarua wanne, karatasi moja imebandikwa ukutani. Karatasi ikijaa, mmoja anaibandua, anaiweka kabatini, anabandika mpya. Sawa. Lakini wale watatu bado wanaandika kwenye ile ya kabatini, wakidhani ipo ukutani. Halafu wa pili anaona kwake imejaa, naye anakwenda ukutani, anabandua ile mpya ya mwenzake, anaitupia kabatini. Na kabati Deo aliliwekea nafasi ya karatasi moja tu, kubana nafasi ya diski. Kwa hiyo ikiingia mpya, ya zamani inatupwa na kila kilichoandikwa humo.

Akakaa anaangalia zile namba. Mistari ya vibarua watatu imo kwenye faili la zamani, imeandikwa baada ya faili lenyewe kufungwa. Akabonyeza, akasubiri karatasi ijae ibadilishwe, akafungua. Mistari haipo tena. Imeliwa mbele ya macho yake.

Kurekebisha hakukumchosha. Alimteua kibarua mmoja tu awe mwandishi, wengine wakiwa na neno wampe yeye. Akabonyeza mpaka kidole kikauma, jina likatokea kila mara. Siku nyingine angesimama juu ya kiti. Siku hiyo alifunga kompyuta taratibu, uso unamuwaka, kwa sababu alikuwa ameshatafuta mstari wa Mwajabu kila mahali na haukuwepo. Kama alituma, ombi likagomea njiani, mstari uliandikwa ukatupwa. Kama haukuandikwa, hakuna wa kusema. Mtambo haukuweza kumtetea wala kumshtaki. Aliyemshtaki alikuwa na mdomo.

Jioni akaenda Mbagala, kwa Mwajabu. Alimkuta barazani anachagua mchele. Njia nzima Deo alikuwa anapanga maneno, na yaliyotoka ni yale aliyoyazoea.

"Mzaramo, mpagazi wako kaja kulipa faini."

Mwajabu hakuinua kichwa. Akamwambia kiti kile pale, akaendelea na mchele wake. Deo akaanza kueleza kwamba kulikuwa na ishu kwenye mtambo, vibarua, karatasi, kabati. Alieleza vizuri, Deo kueleza anajua. Mwajabu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mashine haikusema kitu, Deo," akasema. "Uliyesema ni wewe. Nikacheka, maana wewe mtani, ningefanyaje? Nikinuna naambiwa nimevunja utani. Na yule mama aliyekaa pale si mtani wetu. Aliona mtega kazi anacheka."

Akaokota kokoto kwenye mchele, akaitupa nje.

"Ulisema mbele za watu," Mwajabu akamaliza. "Hapa barazani kwangu unamwambia nani?"

Asubuhi yake, wakati wa chai, Deo akasimama. Watu wakashika vikombe, meno nje tayari, wakingoja kichekesho. Akamwamkia Bi Kokuberwa shikamoo, akaeleza vibarua na karatasi, safari hii kwa kifupi, bila kupamba. Ngoma hakuitaja. Mmoja akacheka kwa mazoea, akajikuta anacheka peke yake.

"Kwa hiyo Mwajabu alituma?" Bi Kokuberwa akauliza.

"Sijui, mama. Na mie sikuwahi kujua."

Yule mama akaweka kikombe chake mezani. Kisha akachukua simu, akapiga, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Akamwambia Mwajabu kesho aje kazini, kiti chake kipo, Recho watamtafutia meza. Halafu akasema kuna mtu hapa ana neno, akaisukuma simu katikati ya meza, kati ya sahani ya maandazi na chupa ya chai.

Deo akainama karibu nayo. Hakuna aliyecheka.

"Mwajabu, ni mie Deo. Logi ilikuwa mbovu, niliitengeneza mie, na sikuijaribu kabla ya kukutaja."