Mama Mkwe Kwenye Pipa la Taka

Mama mkwe akifika, hata kabla hajavua viatu, huingia jikoni, akafunua pipa la taka na kuguna. Vidole vyake vyembamba huchambua taratibu: mashina ya mchicha, kipande cha mkate mkavu, nyanya iliyobonyea upande mmoja.

“Mwanangu, hii nyanya imekukosea nini?” humuuliza mke wa mwanawe, ambaye hutamani ardhi ipasuke immeze.

Juzi mama mkwe aliviokota vyote, akaviosha mara tatu, akavikaanga kwa kitunguu. Mwanawe akala hadi akalamba sahani. “Mke wangu, leo umepatia!”

Mke akatoa macho, akingoja kuumbuliwa.

“Kweli, mkeo ana mkono,” mama akasema, huku akimkanyaga mkwewe mguu chini ya meza. “Mwombe akuongezee.”