Shangazi wa Mlango wa Tatu na Saa ya Mhadhiri

Lori linarudi nyuma taratibu mpaka linagusa mpira uliopigiliwa ukingoni mwa mlango wa ghala, kisha dereva anazima injini. Milango yake ya nyuma inafunguliwa. Ndani hamna kitu ila harufu ya sabuni ya jana. Mwanamke mwenye aproni ya buluu anapanda, anatembea hadi mwisho, anagonga sakafu kwa kisigino, kisha anageuka kuwatazama watu waliosimama chini wakimsubiri.

"Nani wa mwisho leo?" anauliza.

"Duka la mlimani, Shangazi."

"Basi la mlimani litangulie. Na ole wake atakayeniwekea mafuta juu ya madaftari."

"Bonge huyo, Shangazi, mwangalie!" anasema mmoja akimnyooshea kidole mpakiaji mwenye mabega mapana, na wenzake wanacheka. Katoni ya kwanza inaondoka chini, inapita mkono hadi mkono, inamfikia. Anaipokea, anaipiga kofi dogo kama mtu anayemlaza mtoto, na kuisukuma kwenye kona.

Hivi ndivyo siku inavyoanza kwenye mlango wa tatu wa ghala hili la kusambaza bidhaa madukani. Mwanamke huyo ana umri wa miaka hamsini na mitatu, na ndiye kiongozi wa kikosi cha wapakiaji kumi na wawili. Jina lake limeandikwa kwenye kitambulisho anachokivaa shingoni, lakini hakuna anayelitumia. Kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, wote humwita Shangazi.

Kwa mtu anayepita, kazi yake ni kujaza lori tu. Lakini lori moja hupitia maduka saba au manane. Mzigo wa duka la mwisho huingia kwanza, ukae ndani kabisa. Wa duka la kwanza huingia mwisho, ukae mlangoni. Kizito hukaa chini, chepesi juu, na chochote kinachoweza kuvuja hukaa peke yake. Mpangaji akikosea, dereva atashusha nusu ya mzigo kando ya barabara ili afikie katoni mbili za dawa ya meno.

"Ilishatokea," Shangazi anamwambia mwandishi wa makala haya. "Dereva akanipigia simu. Sitakwambia alisema nini, maana wewe ni mzee wa heshima zako."

Aliingia hapa kama mfagiaji, miaka kumi na tisa iliyopita. Asubuhi moja mpakiaji mmoja hakutokea, na mstari wa kupokezana katoni ukabaki na pengo katikati. Yeye akaegemeza ufagio ukutani na kuliziba. Ufagio huo alikuja kuuchukua mtu mwingine.

Nyumbani ni vyumba viwili vya kupanga, na kodi yake hula karibu nusu ya mshahara wake. Mumewe ni fundi cherehani, mtu mpole anayepiga pasi aproni ya mkewe kila jioni kwa uangalifu kuliko anavyopiga suti za wateja.

"Huyu hata akilala anapakia," anasema mume huyo, sindano ikiwa mdomoni. "Juzi kanisukuma mpaka ukutani. Namuuliza, mama, kulikoni? Ananijibu usingizini, wewe wa duka la mwisho, ingia ndani."

"Mwongo mkubwa," anasema mkewe, lakini anacheka mpaka anashika ubavu.

Mwaka jana jambo lilitokea ambalo nusura limnyang'anye kicheko hicho. Kampuni yenye ghala ilikubaliana na chuo kikuu kushirikiana katika utafiti. Chuo kingechunguza jinsi bidhaa zinavyotoka rafuni hadi kumfikia mwenye duka, kampuni ingefungua milango yake yote, na kitakachopatikana kingetumika kupanga kazi upya. Ni jambo jema. Vyuo vyetu vina wataalamu wa ugavi na usafirishaji, na maghala yetu yana matatizo, na kwa muda mrefu pande hizi mbili zimepishana barabarani bila hata kusalimiana.

Chuo kikamtuma mhadhiri mmoja, kijana wa miwani, umri wa mtoto wa kwanza wa Shangazi. Alipangiwa kuja Jumatano kupima muda wa kupakia lori moja.

"Mimi nikawaambia wenzangu neno moja tu," Shangazi anakumbuka. "Wageni wa chuo wanakuja, msiniaibishe. Neno hilo ndilo lililotuponza."

Jumanne jioni, baada ya lori la mwisho kuondoka, kikosi kizima kilibaki. Mzigo wote wa kesho yake wakaushusha kutoka rafu za mbali, wakausogeza hadi mlangoni na kuupanga kwa mfuatano wake wa kuingia. Katoni zilizochanika, ambazo kila siku huwapotezea muda kuzifunga upya, wakazificha nyuma ya paleti, zile fremu za mbao za kupangia mzigo. Asubuhi yake kila mtu alitinga kizibao kipya cha njano kinachong'aa, vile vilivyokuwa bado kwenye mifuko yake ya plastiki. Bonge, mpakiaji mwenye nguvu kuliko wote na msaidizi wa Shangazi, alinyoa ndevu.

"Tulinukia kama watu wanaokwenda kuposa," anasema Bonge.

Mhadhiri akabonyeza saa. Hakuna aliyetania, hakuna aliyekwenda kunywa maji, hakuna hata aliyekohoa. Lori lililozoea kuchukua saa moja na nusu likajaa kwa dakika arobaini. Kijana wa watu alifurahi mno, akampa kila mmoja mkono, akaondoka. Bonge akalala chali juu ya paleti na kusema kwamba asiulizwe kitu mpaka Ijumaa.

"Tulijiona mabingwa," anasema Shangazi. "Hakuna aliyefikiri kwamba ile saa itakwenda kuandikwa mahali."

Iliandikwa. Miezi miwili baadaye meneja alimwita ofisini na kumweleza hesabu ilivyokaa. Ikiwa lori moja linahitaji dakika arobaini, mlango wa tatu unahitaji watu wanane. Wanne wangeachishwa mwisho wa mwezi, na wangeanzia kwa walioajiriwa karibuni. Wa kwanza kwenye hao wanne alikuwa kijana ambaye wenzake humwita Bwana Harusi, kwa kuwa alikuwa ametoka kuoa.

Wakati wa chai kikosi kilikaa juu ya kreti zilizopinduliwa. Chai ilipoa.

"Ukienda kusema tulijitia tu siku ile, tutaitwa waongo," Bonge alisema. "Usiposema, wanne hawa wanaondoka. Mimi sijui, Shangazi."

"Mimi najua," alisema Bwana Harusi. "Nimeoa juzi, kaka. Mama mkwe bado ananiangalia juu mpaka chini. Nikirudi bila kazi atasema alijua tangu mwanzo."

"Na meneja je?" aliuliza mwingine. "Si atasema kumbe mnaweza, siku zote mnajivuta tu? Hapo ndipo atakapotubana."

Na kweli, hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wangewezaje kusema haiwezekani, wakati waliifanya kazi hiyo mbele ya macho ya watu?

Shangazi alirudi nyumbani na kumsimulia mumewe. Fundi cherehani hakuinua kichwa kutoka kwenye mshono.

"Nani aliwaambia wasikuaibishe?" aliuliza.

"Mimi."

"Basi aibu hiyo ibebe wewe, usiwagawie wenzako."

Kesho yake akaomba kikao, na akaomba mhadhiri naye aitwe. Meneja, mtu wa haki lakini asiyependa kupotezewa muda, alimsikiliza mpaka mwisho: mzigo uliosogezwa Jumanne, katoni zilizofichwa, vizibao vipya.

"Kwa hiyo mnaweza kupakia kwa dakika arobaini," alisema, "ila siku zote mnatumia saa moja na nusu?"

"Meneja, nikuulize. Mkwe wako akija kula kwako, unamtolea sahani zipi?"

"Nzuri, bila shaka."

"Na siku nyingine unakula kwenye zipi?"

Mhadhiri akacheka.

"Ile Jumatano tulikutolea sahani za wageni, mwanangu," Shangazi alimwambia. "Kazi ya kuzitoa kabatini tuliifanya Jumanne, wewe hukuwepo. Na niliyewaambia wafanye hivyo ni mimi. Kama kuna wa kuadhibiwa, ni huyu aliyesimama mbele yenu."

Mhadhiri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwenye ripoti nimeandika 'siku ya kawaida'," alisema. "Kumbe nilialikwa sherehe. Na sikumuuliza mtu yeyote jana yake walifanya nini."

Meneja yeye hakucheka. "Sawa. Sasa akirudi kupima tena, nani ananihakikishia kwamba hamtajivuta makusudi ili mbaki kumi na wawili?"

Lilikuwa swali la haki, na Shangazi mwenyewe anakiri hivyo.

"Hakuna wa kukuhakikishia," alijibu. "Ila aje akae nasi mpaka tumchoke. Siku moja tulijikaza. Mwezi mzima hatuwezi, atatukuta tu tunapiga miayo."

Meneja aliahirisha uamuzi kwa wiki sita.

Mhadhiri alirudi na suruali ya kazi badala ya ile yenye mkunjo wa pasi. Wiki ya kwanza watu waliongea kama wako mbele ya hakimu. Wiki ya pili wakaanza kumtuma chai. Bonge akampachika jina, Dakika, na jina likakaa. Siku moja Bonge na Bwana Harusi waligombana mbele yake kwa sababu ya jeki ya paleti, kile kitoroli cha kunyanyulia mizigo, maneno yakawa makali, na hakuna aliyekumbuka kwamba mgeni yupo.

"Hapo nikajua nimefika kazini," anasema mhadhiri. Siku za mwanzo alikuwa akimwita Shangazi "mama kiongozi". Sasa anasema Shangazi kama wengine, na akikosea mahali pa kuweka katoni huchapwa kofi la mgongo kama wengine.

Alichokiona ni hiki. Mikono haikuwa tatizo. Malori manne yalikuwa yakifika kwa mkupuo asubuhi, yanapiga honi, kisha saa mbili nzima mlango unabaki mtupu. Muda mwingine ulipotea kwenye safari za kwenda rafu za mbali na kwenye kufunga katoni zilizochanika, kazi ambazo hazikuwamo katika hesabu ya dakika arobaini.

"Halafu nikaikumbuka ile Jumanne," anasema. "Nilikuwa nimeichukulia kama hila. Nikaigeuza geuza kichwani, nikaona lile la kusogeza mzigo mlangoni siku moja kabla ndilo wazo zuri kuliko yote niliyokuwa nimeandika. Walilibuni wenyewe ili kunifurahisha."

Pendekezo alilompelekea meneja lilikuwa fupi. Malori yapangiwe saa za kufika, yasije kwa pamoja. Watu wanne waingie kazini mchana na kutoka jioni, wafunge katoni zilizochanika na kuupanga mzigo wa kesho mlangoni. Wanane wapakie asubuhi. Hesabu ni ileile ya kumi na wawili, na hakuna anayeondoka.

Leo lori hupakiwa kwa muda wa saa moja hivi. Mtu akithubutu kutaja dakika arobaini, Shangazi humwambia zile ni za wageni. Bwana Harusi ndiye anayesimamia zamu ya mchana, na inasemekana mama mkwe wake ameanza kumwita "mwanangu".

Si yote yaliyobaki kama zamani. Kikosi hakinywi tena chai pamoja, kwa kuwa wanne hao huingia wenzao wakiwa wanakaribia kuvua aproni. Wanapishana mlangoni, wanataniana kidogo, wanaachana. Shangazi anasema hilo linamuuma kuliko mgongo. Na meneja amekubali mpango huu hadi mwisho wa mwaka tu. Baada ya hapo chuo kitapima tena, na uamuzi utatolewa upya.

"Wapime," anasema Shangazi. "Safari hii nimewaambia wenzangu atakayenyoa ndevu siku hiyo nitamfukuza mwenyewe."

Amebakiwa na miaka miwili kabla ya kustaafu. Kila Jumamosi sasa humsimamisha Bonge ndani ya lori naye akabaki chini, ili ajifunze kupanga. Bonge hulalamika kwamba anahukumiwa kwa kila katoni. Ndivyo inavyotakiwa, Shangazi humjibu.

Mwandishi alipomuuliza anatamani nini kwa miaka hiyo miwili, hakutaja mshahara wala cheo. Aliwatazama watu wake waliokuwa wakiteremka kutoka kwenye lori lililojaa, akafunga komeo la kwanza la mlango, kisha la pili.

"Nilikabidhiwa watu kumi na wawili," alisema. "Nataka nimkabidhi Bonge kumi na wawili. Wakipungua, iwe mtu kapata kazi nzuri kuliko hii, tumsindikize kwa shangwe. Isiwe kwa sababu siku moja mimi nilitaka nionekane hodari."