Ng'ambo ya Nani

Ni mimi niliyeandika "Ulanga". Miaka mitatu sasa, kila ninapoulizwa nasema kompyuta ilijaza yenyewe, na kwa kuwa hakuna ofisi ambayo haijawahi kuteswa na kompyuta, watu huniamini. Haikujaza yenyewe.

Nilikuwa na miaka arobaini na saba, nimerudi chuo kusoma shahada ya pili kwa sababu ambazo mume wangu bado anaziulizia. Chuo kikanipeleka mafunzo kwa vitendo kwenye makumbusho madogo hapa Ifakara, chumba cha wanyama waliohifadhiwa. Mkuu wa chumba alikuwa kijana wa kumzaa. Asubuhi ya kwanza alinipa shikamoo, kisha akanipa ufagio. Mwanafunzi mwenzangu, binti wa wafugaji waliohamia bondeni kutoka Kanda ya Ziwa, aliniita mama tangu siku hiyo, huku akinifundisha kubadilisha spiriti kwenye chupa bila kumvunja chura mguu.

Kazi yangu ilikuwa kuingiza lebo kwenye kompyuta. Ni vikaratasi vilivyoandikwa kwa penseli, vinavyokaa ndani ya chupa pamoja na mnyama. Nilipewa mimi kwa kuwa ni mzaliwa wa hapa, najua vijiji. Nilijivuna sana. Wiki ya pili nikafika kwa chura mdogo mwenye mistari mgongoni. Lebo ilisema: "Ng'ambo ya mto, majaruba ya mpunga." Kompyuta ilitaka jina la wilaya. Sasa mtu wa Ifakara aulizwe ng'ambo ni wapi? Ni kule kivuko kilikokuwa kinapeleka watu kabla ya daraja. Nikaandika Ulanga, nikaenda kunywa chai.

Binti akamchagua chura yuleyule kwa ripoti yake: je, bado anapatikana pale alipokamatwa? Akavuka daraja kwa bodaboda mara tatu. Mara ya tatu alirudi na tope mpaka magotini, akaketi juu ya ndoo.

"Mama, hayupo. Naandika ametoweka."

"Umetafuta vizuri?"

"Nimetafuta mpaka wachungaji wananiuliza nimepoteza nini. Nikisema chura, wanacheka mpaka ng'ombe wanaingia shamba la mtu."

Akaishusha chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma. "Mbona hapa hakuna Ulanga? Nani kaandika Ulanga?"

"Kompyuta," nikasema. "Inajaza yenyewe hiyo."

Jibu lilinitoka haraka kuliko nilivyotarajia. Alipotoka kwenda kunawa miguu nilibaki na ile chupa, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka. Nilimkumbuka shangazi yangu aliyeolewa upande wa pili. Aliwahi kutuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja ng'ambo, na sisi nyumbani tukabaki tunaulizana: si yuko ng'ambo tayari? Kwake, ng'ambo tulikuwa sisi. Kwa hiyo aliyeandika lebo hii alikuwa amesimama wapi? Kama aliandikia humu chumbani, ni Ulanga. Kama aliandikia kwao, inategemea kwao ni wapi. Kama aliandikia ndani ya mtumbwi, katikati ya mto, basi Mungu atusaidie. Niligeuka kutazama mto ulipo, nikageuka tena, na nakiri kwamba kwa dakika nzima sikuwa na hakika hata mimi nipo upande gani.

Kilichokuwa wazi ni kimoja. Ripoti ilitakiwa chuoni Ijumaa. Binti akiandika "ametoweka", halafu mtu amkute chura huyo mtaroni, atakayechekwa ni yeye, na jina lake ndilo litakalokuwa pale juu. Ningeweza kusema. Badala yake nilimwambia, kwa sauti ya mtu mwenye busara, "Kabla hujaandika, mpigie aliyemkamata."

Mkuu akatafuta namba ya aliyemkamata, mzee mkusanyaji aliyestaafu zamani. Binti akapiga, akaweka spika, tukainamia simu wote watatu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akajieleza, akamweleza na chura.

"Wa mistari? Nilimkamata kwa mkono wangu. Ng'ambo."

"Ng'ambo ndiyo wapi, babu?"

"Wewe uko wapi?"

"Makumbusho, Ifakara."

"Basi uko ng'ambo." Tukasikia akihamisha kiti. "Mimi mtu wa Lupiro, huku Ulanga, mjukuu wangu. Hayo ni majaruba ya Katindiuka, hapo nyuma yenu. Hata kwa baiskeli mmeshindwa?"

"Kompyuta ilisema Ulanga, babu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo kompyuta ni mwenyeji wa Ifakara?"

Binti hakuitazama simu. Alinitazama mimi, taratibu, mpaka nikaanza kupanga vifuniko vya chupa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Ndiyo, babu," akasema. "Mwenyeji kabisa."